Ua la Kumi na Tatu

Nimeitwa skuli ya Konde, nikenda roho mkononi,
nikidhani Raya kavunja kitu cha watu.
Kumbe mwalimu Shaame ataka kofia,
tena ile ambayo sijaimaliza,
na sindano yake, na kijiti chake cha kutobolea.

"Huu ni uhalisia ulioongezwa," asema.
Umeongezwa nini, namuuliza, tui?
Darasa zima likaangua kicheko.

Wakakielekeza kishikwambi mapajani pangu
na juu ya kofia yangu ikaota kofia:
maua ya buluu, hayana uzi, hayana doa la jasho,
yanazunguka yenyewe.
Raya ndiye aliyeyaandika.
Rudia mara kumi na mbili, kaiamuru mashine,
nayo, haina ubishi, ikarudia,
mpaka pale mwisho unapomkuta mwanzo
pakabaki upenyo.
Likajipenyeza ua la kumi na tatu, nusu,
limekatwa kama ndimu.

Mwanangu kauma midomo.
Mwalimu akalitafuta kosa ndani ya kioo
mstari kwa mstari, miwani imemshuka puani.
Mie nikakata uzi.
Nikauzungusha kichwa cha Nassor, mtoto wa jirani,
nikaukunja katikati. Nikaukunja tena.
Tena. Na tena.
"Hesabu vipande, Raya."
"Kumi na sita."
"Basi kichwa kwanza, ua baadaye.
Ukianza na ua, utamlaumu mwenye kichwa."

Akafuta, akaandika upya:
pima, gawa, ndipo urudie.
Maua yakashikana mikono
usijue lipi lilitangulia.
Nassor akageuka kutucheka,
kofia ikabaki hewani, pale kichwa kilipokuwa.
Hilo hakuna aliyejua dawa yake.

Ubaoni pameandikwa sifuri na moja,
ati ndizo herufi za mashine.
Mwalimu akaniomba niseme neno.
Mie neno sina. Nikainua kofia dirishani,
mwanga ukapita kwenye viua
ukamwagika nukta nukta juu ya miguu yao.
"Hapa penye tundu mna nini?"
"Hamna kitu!"
Basi hicho hamna kitu nimekishona miezi mitatu,
nimekizungushia uzi kisikimbie.
Nikisahau kimoja, tajiri wa mjini
hukiona hicho kabla ya vile elfu.

Usiku Raya kanikalia ubavuni.
"Mama, nani kakufunza kukunja uzi?"
Bibi yako Time, nikamwambia,
aliyetia saini kwa dole gumba hadi anazikwa.
Akanyamaza. Kisha akachukua kijiti
akatoboa kiua chake cha kwanza,
kikubwa, kimekwenda upande.
Sikukifumua.
Kesho, asema, atakipeleka skuli,
mashine ikakione.