Daftari la Karani wa Askofu

Lincoln, 1687

Wao huapa. Mimi huchonga unyoya.
Ulimi hauna mfupa,
ila unyoya wa bata bukini una uti,
na uti huo ukipita juu ya karatasi
hukwaruza, husikika hadi mlangoni.

Shilingi mbili kwa kiapo. Mkono mtupu haulambwi,
hata wa mtu aliyewekewa mikono na askofu.
Maneno huyaandika mimi kabla hawajafika:
*Mimi, fulani, kwa hiari yangu na kutoka moyoni,
nazikubali Ibara zote Thelathini na Tisa.*
Naacha nafasi ya jina, upana wa vidole viwili.

Wengi hutia sahihi kama watu wanaopokea koti.
Mmoja alinuka kondoo. Mmoja aliuliza
parokia ina ekari ngapi, wino haujakauka.

Lakini Gervase Tilney nimemwandika mara nne.
Ukurasa wa kumi na mmoja, shemasi:
G yake imeumuka kama mkate,
mkia wa y umeshuka ukakanyaga jina la mwenzake.
Ukurasa wa thelathini, kasisi. Amejifunza kubana.
Ukurasa wa sitini na mbili, parokia ya Thornsea,
mvua imemfuata mpaka ndani ya viatu,
akaniomba nimsomee ile ya kumi na saba,
ya walioteuliwa kabla misingi ya ulimwengu haijawekwa.
Nikasoma.
Akauliza, "Na mtoto wa siku sita?"
Mimi ni karani. Nikamsogezea kidau cha wino.
Jina lake pale, ungedhani mbu kafia karatasini.

Mara ya nne ilikuwa Novemba,
parokia nono, nyumba yenye dohani saba.
Nilikwisha kuandika yote. *Kwa hiari yangu. Kutoka moyoni.*
Akashika unyoya. Tone likajikusanya nchani, likaning'inia.
Akaurudisha taratibu, kama anayelaza mtoto.
"Niwie radhi, Bwana Cawthorne, nimekuharibia ukurasa,"
akashuka kilima bila glavu zake.

Askofu aliniamuru niuchane.
Karatasi ni ghali, nikamjibu,
na nyuma yake wameapa watu watatu.

Glavu zimo katika droo ya chini.
Miaka thelathini na mmoja nalifungua daftari hili, nalifunga,
na hakuna aliyewahi kuniuliza
mimi naamini nini.

Jana, mshumaa umebaki ukucha,
nikalipima jina langu juu ya weupe ule,
kwa unyoya mkavu.

Linaenea.