Linda

Mwezi wa kwanza pale Nyendo, Kiganda kilikuwa mvua juu ya bati:
nilisikia kishindo, sikusikia tone.
Nilikaa kwenye geti la kinu cha kahawa,
rungu mapajani, Kiswahili cha Tabora mfukoni
kama funguo za nyumba iliyokwisha kuuzwa,
na wachambuzi wamekaa juu ya magunia,
vidole vikitupa punje mbovu kushoto,
midomo ikitupa maneno kokote.

Sikufundishwa. Sikuuliza.
La kwanza kuninasa ni *kale*;
nikadhani wanasimulia mambo ya zamani,
kumbe ni haya, basi, tumeelewana,
komeo la kila mazungumzo.
Kisha *bambi*. Hilo nililisoma usoni:
shingo inalala upande, sauti inalainika,
mtoto kaungua uji, au mgeni kateleza topeni.

Nabukeera aliniwekea miguuni mkungu wake wa matoke,
akasema, "Linda!" akapotelea ndani.
Mlinzi nimeambiwa linda!
Nikasimama wima, rungu begani,
nikaulinda ule mkungu dhidi ya mbuzi,
dhidi ya watoto wa shule,
dhidi ya padri aliyepita na pikipiki yake,
nusu saa nzima.
Aliporudi walicheka hadi kahawa ikamwagika.
Kwao linda ni ngoja.

Baada ya hapo maneno yaliingia bila hodi.
*Awonye*: nikajiuliza, kaona nini? Kumbe kapona.
Nikajua nani anamdai nani,
nikajua nilivyo mwembamba,
na leo ni zamu ya nani kuniachia uji.
*Tawulira*, walisema, hasikii huyu,
nami nikauacha uziwi wangu ulivyo,
maana ulinipa joto, kama koti la kuazima.

Jioni wenzake wakiondoka, Nabukeera hubaki,
simu mapajani, pale pale rungu langu linapokaa kwangu.
Kijana wake yuko Dubai, analinda duka la mtu;
tangu mvua za Machi hajapiga.
"Nninda," alisema siku hiyo, hakumwambia yeyote,
na mdomo wangu ukanitangulia:
"Nange."
Nami pia.

Akageuka polepole.
Siku zote hizi ulikuwa unasikia?
Swali lake nalikumbuka lote,
hadi pumzi aliyoivuta kabla yake,
ila sikumbuki tena
lilinifikia kwa lugha ipi.