Kitunguu Kisicholiza

Mwaka jana, sokoni Mgandini,
Mbaruku alikipasua kitunguu changu kwa kisu cha mfukoni,
akakinusa, akakitazama kama anayesubiri jibu,
macho makavu.
"Hiki," akasema, "kimekuja bila ulimi."
Akanilipa bei ya kutupa.

Shambani Kiomoni nilikuwa nimeziona dalili, nikazipuuza:
umanjano ulianzia juu, kwenye majani machanga,
yale ya chini yamekaa na kijani chao
kama tajiri asiyejua jirani kalala njaa.
Nikamwaga urea. Nikamwaga tena.
Thripi wakaja,
na ukungu nyuma yao, bila hodi.

Semdoe, bwana shamba, alifika na pikipiki inayokohoa.
Hakuniuliza nimeweka nini. Alichuchumaa.
"Njaa ya naitrojeni huanzia kwa wazee:
jani kuukuu hujivua, likampa mwanawe.
Hii imeanzia kwa watoto. Hii ni salfa.
Salfa, mzee akishaishika, haikopesheki."

Nilicheka. Salfa? Hapa?
Hapa ambapo upepo ukigeuka
chemchemi za Amboni hunuka yai viza
mpaka ndani ya kikombe cha chai?
Si nichote ndoo mbili tu!
"Yale yana chumvi, yataunguza mizizi.
Na mchanga wako ni tenga, mama.
Masika ikipita, inaondoka nayo."

Kisha akasema neno ambalo sijaliweka chini tangu siku ile:
kitunguu kizima hakina ukali.
Ndani ya kila chembe mna vyumba viwili.
Humu imelazwa salfa, kimya, haina harufu;
mle kimeng'enya kinangoja;
kati yao kiambaza chembamba kuliko utando wa maziwa.
Jino la mdudu likitoboa, au kisu,
ndipo wawili hao wanapokutana,
na moshi usioonekana unamfuata mbomoaji
hadi machoni.
Silaha haikuwepo.
Jeraha ndilo lililoifua.

Nami nilikuwa nimejenga vyumba,
nikasahau kuweka kitu.

Nilinunua SA mifuko miwili, kwa deni.
Samadi alitoa shangazi Mnyamisi, ya mbuzi wake,
akilalamika kila karai.
Yeye haiiti salfa, anaiita kiberiti;
ujanani waliipuliza kwenye mikorosho alfajiri,
umande ungalipo, kuzuia ubwiriunga,
wakarudi nyumbani nyusi njano, kope njano,
watoto wakiwakimbia.
"Sasa wewe unailisha udongo," akasema.
"Haya. Tutaona."

Majani machanga yalichukua wiki tatu kuamua.
Thripi walikuja, sitadanganya.
Walionja, wakabaki wachache.

Juzi Mbaruku alitoa kisu kilekile.
Kata moja.
Akarudi nyuma, akapepesa, akajifuta kwa mkono wa shati,
"Lo! Mwanamke, umeweka nini humu?"
Muuza dagaa wa pembeni akapiga chafya,
mtoto mgongoni mwake akaanza kulia,
na bei ikapanda palepale, bila mimi kusema.

Nilizihesabu noti mara mbili.
Mara ya kwanza sikuziona.