Chakavu

Baba aliinunua Mombasa, mwaka wa mvua nyingi,
dukani kwa muuza misumari na makarai:
shilingi mia tatu na ishirini, risasi kumi bure.
Ukutani zilikuwepo nyingine, zimechongwa ndege vitakoni.
Yeye akanyoosha kidole pembeni, kwa ile
ya mti mweupe uliopakwa rangi ujifanye mweusi.
"Rahisi ghali," Witu nzima ikamwambia.
"Basi nimepata ghali," akasema, "kwa bei ya rahisi."

Sasa Baba hayupo na kibali kimekufa naye.
Barua yataka silaha kituoni, siku kumi na nne.
Sikumwambia mtu.
Jumamosi alfajiri wakabisha hodi watatu:
Fundi Shekuwe wa cherehani, na kichupa chake cha mafuta,
Komora, juu ya pikipiki tangu Garsen,
na Doza wa Pandanguo, mtoto wa watu wa upinde,
anayezicheka bunduki zote isipokuwa hii.
"Tumekuja kumuaga," wakasema,
kama vile ndani kuna mgonjwa.

Nikaitoa mkekani.
Shekuwe akachomoa komeo, akalifuta kwa kipande cha leso,
akalirudisha, akalifunga.
*Kla. Kla.*
"Umesikia? Mlango wa mtu mwaminifu."
Akatuonyesha, kana kwamba hatujui,
kasha la risasi la bati, limekunjwa kama kopo la samli,
na shabaha ya nyuma aliyoichonga mwenyewe
kwa mguu wa cherehani iliyokufa.
"Hupiga kushoto, upana wa kidole kwa hatua mia.
Marehemu alijua. Akalenga kulia.
Ndivyo tunavyoishi na ndugu zetu."

Komora akaapa kwamba mwaka wa mafuriko
ililala topeni siku tatu, na ikalia mara ya kwanza.
"Mbili," akasema Doza.
"Tatu!"
"Mbili. Ya tatu ulikuwa umeshaioga wewe."
Chai ikapoa wakibishania siku ya matope.

Uwindaji ulipopigwa marufuku, kazi yake ikawa moja:
nyati akiingia mahindini, risasi moja, juu, hewani,
na nyati akaondoka taratibu,
kama mgeni aliyekumbushwa kuwa usiku umeenda.
Shekuwe akakohoa. Alikuwa ameitungia beti,
akaisomea nyuma ya risiti ya uzi:

*Sina urembo mwilini, wala shaba ya kitako,*
*Bei yangu ya dukani, haikushinda kijiko,*
*Ila nyati wa shambani, wajua wangu mwaliko,*
*Usinipime machoni, nitie begani mwako.*

Kisha akanigeukia. "Haya, Mwanajaa."
Miaka kumi na moja nimeipaka mafuta bunduki hii,
nimeifunga, nimeifungua, nimeihesabia risasi zake,
na begani sijawahi kuitia.
Nikaitia.
Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoiogopa.
Pale shavu linapolala rangi ilikwisha zamani,
mti mweupe umetokeza, laini kama mchi,
na ukanuka ugoro.
Hakuna aliyesema neno. Doza alitazama kuku.

Kituoni, karani kijana, kalamu sikioni,
akaigeuza mara moja tu.
Akasoma namba, akaandika namba.
Kwenye *Hali ya silaha* akaandika: *chakavu*.
Komora, dirishani, akapiga kelele:
"Futa hilo! Andika *imetumika*!"
"Mzee, ni neno la fomu."
"Fomu imewahi kufukuza nyati?"
Nikatia sahihi. Nikapewa karatasi ya kijani.

Tulikuwa tumefika ngazini tulipoisikia.
*Kla. Kla.*
Hiyo ni kanuni, lazima ahakikishe ni tupu.
*Kla. Kla.*
Hiyo labda ni kuhakikisha tena.
Shekuwe akainua mkono, tukasimama wote,
Komora na mguu mmoja hewani,
tukangoja.

*Kla.*

Polepole.

*Kla.*