Kidole Safi

Akron, Ohio. Jumanne, saa kumi na mbili kasoro robo,
Bi Odessa Pruitt anaugonga ukuta wangu kwa fimbo:
leo ndiyo leo, kijana, washa gari.
Amevaa kofia ya zambarau, ile ya mazishi na Pasaka.
Mkobani ana bili ya umeme, peremende za mnanaa,
na picha ya marehemu mumewe.
"Aone," alisema, na hakuongeza neno.

Foleni ilianzia kituo cha zimamoto,
ikapinda penye duka la matairi, ikaishilia gizani.
Watu walisimama kwenye baridi bila kunung'unika,
kama jamaa nje ya wodi ya wazazi.

Mimi niliachwa nyuma ya vibendera viwili
vilivyochomekwa nyasini: mwisho wa asiye na kura.
Nina kibali cha kazi, nina bima, nina deni la gari.
Kura sina. Nimekuja kutazama.

Kijana mmoja mwenye kikombe cha kahawa
akanipa mkono. "Huyu ni wenu," akaniambia.
Wenu.

Kwetu sikuwa mweusi. Hakuna aliyenieleza.
Nilikuwa mtoto wa Mnandi aliyemwoa Mkikuyu,
na Januari hii hii, penye gogo
lililolazwa barabarani nje ya Eldoret,
vijana waliosoma darasa moja na kaka yangu Kibet
walimwambia: taja jina la mama yako.
Akalitaja.
Rangi yao na yake ni masizi ya chungu kimoja;
haikumfaa kitu.

Rangi nilipewa huku, uwanja wa ndege,
pamoja na fomu ya forodha.

Yule wa kwenye mabango naye ni nusu kwa nusu.
Hesabu ya hapa ni nyingine:
nusu ikionekana, basi ni nzima.

Bi Odessa alitoka baada ya saa mbili na nusu.
Nikamtazama kidole. Kisafi.
"Hawakukuchovya wino?"
"Wino wa nini?"
"Usije ukapiga tena."
Alicheka hadi kofia ikalegea,
kisha kicheko kikamkauka mdomoni.
"Mwanangu, mara ya kwanza, kule Alabama,
karani aliniambia nirudi Alhamisi.
Nilirudi Alhamisi kumi na moja."
Akamenya peremende. Akanipa nusu.

Usiku nilikuwa kazini, chini kabisa ya hospitali,
kwenye chumba cha kufulia.
Redio ilipotangaza, juu yetu muuguzi alipiga ukelele
na mtu akaangusha trei.
Duane, ambaye kwa miaka mitatu
ameniambia tu "mashine ya nne imejaa,"
alivua glavu, akanishika mkono:
hongera,
kana kwamba mke wangu amejifungua.
Nikaipokea. Hongera hairudishwi.
"Mke wangu analia nyumbani," akasema.
"Si kwa furaha."
Alisema bila ubaya, kama anayearifu kuwa nje kunanyesha.

Nikampigia Kibet. Bado yuko mahemani.
"Tumeshinda!"
"Nani?"
"Sisi!"
Nyuma yake vigelegele, masufuria, mtoto anakohoa.
Televisheni ni moja, alisema, wanaitazama wote,
waliochoma na waliochomwa.
"Wale wa gogo ndio walioleta jenereta."
"Na nyumba?"
"Nyumba bado."
Kimya kidogo, cha senti nyingi.
"Lakini kesho Alhamisi ni likizo. Serikali imetangaza."

Sikujua nicheke au nimuulize kuhusu Ijumaa.
Salio likakata kabla sijaamua.

Nikazitoa shuka za wodi ya sita, za moto, nyeupe.
Zile kubwa hazikunjwi na mtu mmoja,
zitaburura sakafuni.
Nikashika pembe mbili, nikangoja.
Duane akaja, bila kuniangalia,
akashika zake.