Forodha

Batuli kaja na tenga,
juu kanga kalifunga;
"Babu, nishikie, chunga,
kuna mgeni nyumbani."

Sungura rangi ya jivu,
sikio moja legevu,
kimya, kama mnyamavu
aliyetoka chuoni.

Siku moja, siku mbili,
mgeni ana akili;
ya tatu, jembe ni hili
alilo nalo menoni.

Kakata waya wa simu
na uzi, nyenzo muhimu;
kofia ya Maalimu
kaitoboa pembeni.

Mimi mshona kofia,
kazi ya kuhesabia
tundu, moja kwa mamia,
miezi minne kitini;

kwa usiku mmoja tu
kaifanya kuwa kitu
kisichofaa kwa watu
wala kwa mbuzi uani.

Mkeka wa kuswalia
mkojo kautilia;
maji nikaumwagia
mara tatu kisimani.

Saa nane ni kishindo,
mguu kama kinyundo,
hodi ya mwenye mafundo
bila mtu mlangoni.

Nikishusha tu mkono
nimguse, ni mguno,
na baadaye ni meno,
na damu i kidoleni.

Jina kapewa Forodha:
hatozi watu kwa fedha,
hutoza ngozi na adha
kila apitaye ndani.

Jirani Bi Khuzaima
kasema, "Huyu ni nyama;
nazi, bizari; mapema
kesho mumweke chunguni."

Nami, siku moja, hapa,
kwa ndara nilimchapa;
hakulia, hakuapa,
kajificha kabatini.

Siku nzima hakutoka.
Batuli akatamka
neno lililonifika,
sindano ya ubavuni:

"Nami, Mama kenda Doha,
niliuma, si mzaha;
hukunipiga; kwa raha
ulikaa nami chini."

Sikupata la kujibu.
Nikamwendea tabibu
wa punda, Lali Rajabu,
bandani kwake Langoni.

Kamwangalia menoye,
na tumbo, na miguuye,
akasema, "Huyu yeye
ana lipi la uhuni?

Mkono watoka juu
kama wa kipanga, huu;
ana meno na miguu:
ungekuwa wewe, nini?

Mkojo wake ni hati
ya kiwanja; hatafuti
wakili wala risiti,
hutia sahihi chini.

Amebalehe; mlete
Jumatano nimkate,
kisu kidogo; apate
kutulia maungoni.

Meno yake hayakomi
kukua; lau ni mimi
ningempa fito kumi
na nyasi kavu kapuni.

Ukimtaka, jilaze
sakafuni, unyamaze,
mwenyewe akuchunguze
kuwa wewe ndiwe nani."

Mimi, mzee Famau,
mwenye goti la dharau,
kalala, nikasahau
aibu ya majirani.

Huko nikaona mambo:
kiti kirefu kwa umbo,
ndara mbili kama vyombo
vya vita, vi bandarini.

Siku ya kwanza hakuja.
Ya nne, hatua moja.
Ya sita, nikimngoja,
pua ikawa shavuni:

pua baridi, ya maji,
inapima kama jaji
uzito wa msemaji
asiye neno kinywani.

Batuli kashika simu;
mamake kule, kwa zamu,
aona, atabasamu:
"Baba, una nini chini?"

Nikasema, "Nafundishwa."
Kacheka kama mchoshwa,
kisha, kama mkumbushwa,
kanyamaza kiooni.

Jumatano ikapita,
dawa, nyuzi, na mafuta;
bado waya humvuta,
nimeutia bombani.

Mkeka: kapewa wake,
na pembe ya choo chake,
ila akiachwa peke
hurejea ya zamani.

Maalimu na kofia
bado hajasamehea;
nyengine namshonea,
miguu hapa jamvini.

Kando, Forodha hulala
ubavu wote; na swala
ikiadhiniwa, wala
hapigi mguu chini.

Juzi tu, saa ya nane,
du! Naamka nione:
paka watatu, wanene,
wametanda dirishani.

Kumbe zile hodi zote
alitaka atuite,
tuamke, tufuate
kulinda walio ndani.

Dirisha nikalifunga,
nikampa na mchunga;
kala; kisha, bila kunga,
kaniuma kidoleni.