Jino la Juu

Tangu saa tatu nimezunguka Kibuye
nikitafuta kitu kisichofika uzito wa yai.
Wa kwanza aliniuzia adapta ya Uingereza.
Nikafika nayo nyumbani, nikaijaribu ukutani,
ikaingia bila ubishi.
Ndipo nikaelewa nimenunua plagi yetu wenyewe.
Waingereza walikwenda zao zamani,
matundu yao tukabaki nayo ukutani.

Nikarudi sokoni. Vadgama akacheka hadi miwani ikamshuka.
"Binti anakwenda wapi?"
"Leipzig. Kuuguza wazee."
Akapekua kisanduku, akaniwekea mkononi
kidude cheupe chenye vijiti viwili vya mviringo,
vinene kama penseli za chekechea.
"Huyu ni mkalimani," akasema, "ila anatafsiri umbo tu.
Stima ya kule na yetu ni ndugu.
Kinachotofautiana ni mlango."

Apondi, kaa hapa, kando ya sanduku,
baba yako fundi wa redio akwambie hili moja
kabla mama hajaingia na omena zake na maagizo mia.

Unakumbuka ile chaja ya meno mawili
uliyoazima kwa kina Akeyo usirudishe?
Ulikuwa ukidunga kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu,
vipazia vya ndani vikafunguka,
ukasukuma meno yako mawili chini,
na kifuniko kikabaki kimechomoza pale
kama kidole kinachomwonyesha mwizi.
Nilikuchapa siku ile. Ukadhani ni kwa sababu ya simu.
Sikujua nikuelezeje
kwamba tundu lile si la kudanganywa.

Haliwashi taa. Haliimbishi redio.
Mwaka mzima utapita hulioni faida.
Kazi yake ni siku ile waya unapochunika,
pasi ikageuka nyoka mkononi mwako:
ghadhabu yote ishukie hapo,
ipite ndani ya ukuta, itoke nyuma ya bafu,
hadi kwenye chuma nilichokizika kwa mikono hii
katika udongo mweusi wa Nyalenda, usiojua kukauka.
Na lile jino la juu ni refu kuliko wenzake,
umewahi kuliangalia?
Huingia la kwanza, hutoka la mwisho,
kama watu wa kwenu msibani.

Sasa nisamehe. Adapta yako nimeifungua kwa bisibisi.
Vijiti ni viwili, nikalala nikiwaza
jino la tatu wamelipeleka wapi.
Zile za bei rahisi wamelipokea tu na kulinyamazia:
tundu lipo, nyuma yake hakuna kitu.
Nikairudisha. Vadgama hakucheka tena.
Hii ni ya shilingi mia nane, mama asijue.
Shika. Pitisha kidole hapa pembeni.
Unahisi vibati? Kimoja huku, kimoja huku.
Kule udongo hauingilii juu, mwanangu.
Unakushika mbavuni.

Sina la kukwambia kuhusu baridi, sijawahi kuiona.
Wala kuhusu huyo mzee utakayemwogesha alfajiri
akikuita kwa jina la mtu mwingine.
Mwitikie tu.
Ila usiku, ukichomeka simu ili utupigie,
usisukume kwa hasira ikikataa.
Igeuze. Ipapase mbavu kwanza.

Nimeifunga tena. Skrubu zote zimerudi,
nimezihesabu mara mbili.
Ningetaka kuijaribu mbele yako nione taa ikiwaka,
lakini Nyalenda nzima, hadi Dunga ufukweni,
sijui ukuta wenye tundu la kuipokea.
Utaijaribu wewe.